Mfano Si Amri

Chuo cha Masomo kwa Posta
Dawati la Kiingereza
4 Februari

Ndugu Mwanafunzi,

Zoezi lako la Somo la Tisa limefika likiwa na alama ya kidole cha unga kwenye kona. Nimefurahi kujua kwamba unasoma ukiwa kazini. Mengine hayakunifurahisha.

Mwenzangu aliyesahihisha masomo yako manane ya kwanza amestaafu, na faili lako sasa liko kwangu. Alama zako za huko nyuma zinapendeza, ndiyo maana nashangaa umejikwaa kwenye hatua ya mwisho kabla ya cheti. Somo la Tisa ni la kitenzi kimoja tu, put off. Nakubali kinaudhi. Put unaijua, ni kuweka. Off unaijua, ni kile kijineno kilichoandikwa kwenye swichi. Ukiviunganisha unadhani utapata kuweka mahali, na ndivyo ulivyoandika: "I put off the bread on the table." Mkate huo, ndugu yangu, hauko mezani. Umeahirishwa. Maana ya kwanza ya put off ni hiyo, kuahirisha: kikao, safari, dawa chungu, lolote ambalo mtu angelifanya leo akaona kesho nayo ni siku. Na ukitaja kitendo kinachoahirishwa, kivalishe -ing mwishoni: put off going, put off washing. Maana nyingine zipo, tutazifikia tukivuka hapa.

Nakukumbusha kanuni ya dawati hili. Sentensi za zoezi ziwe za kweli. Sitaki habari za mfalme na mbwa wake. Andika ya nyumbani kwako na ya kazini kwako. Msema uongo husahau, na mwanafunzi msema uongo husahau mara mbili. Sentensi moja tu iliyonyooka, tena ya kweli, inatosha kukupitisha.

Mfano: "Do not put off painting the door." Yaani, usiahirishe kuupaka mlango rangi.

Umefeli. Rudia.

Msahihishaji wako


17 Februari

Kwa Mwalimu,

Shikamoo, kama umri wako unaniruhusu. Kama hauruhusu, basi ibaki akiba.

Mlango nimeupaka.

Niliposoma barua yako nilikaa juu ya gunia la unga nikajiuliza, huyu mwalimu ameujuaje mlango wangu? Maana mlango wa duka letu la mikate ulikuwa umebambuka siku nyingi, hata wateja walikuwa wakiuchokonoa kwa kucha wakingoja skonzi zitoke. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye anayekaa kaunta na ndiye mdomo wa duka, alinisema kuhusu mlango huo mpaka akachoka. Wewe umeniinua kwa sentensi moja ya Kiingereza, na sasa yeye amenuna. Nimeupaka kijani, kwa sababu ndiyo rangi iliyokuwepo. Wateja wawili wameugusa kabla haujakauka na wanatembea na ushahidi mkononi.

Mimi ni mwoka mikate. Mtaani wananiita Hamira. Lile jina la kwenye fomu hata nikiitwa barabarani sigeuki, kwa hiyo na wewe niite Hamira tu.

Marudio haya hapa, yote ya kweli:

I put off to clean the oven.
My sister put off to laugh, after she laughed.
I put off to visit my daughter.

Nasubiri sentensi nyingine. Paa la nyuma nalo linavuja, kama utaona inafaa.

Mwanafunzi wako,
Hamira


Dawati la Kiingereza
28 Februari

Ndugu Hamira,

Mfano si amri.

Nimesahihisha mazoezi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimewahi kuandikia watu mifano ya kupanda milima, kuuza ng'ombe na kuachana na wake zao. Hakuna hata mmoja aliyetii, na nashukuru. Wewe ni wa kwanza. Nilicheka peke yangu humu ofisini mpaka mhudumu akafungua mlango kuona kama niko salama. Kuhusu paa, sina sentensi.

Sasa kazi. Zote tatu umezikosea kwa namna moja: ile -ing umeiacha nyumbani. Soma tena barua yangu ya kwanza.

Nikuongezee maana mbili ili usichoke. Put off ni pia kumkatisha mtu hamu. Ukiingia mahali pa kula ukakuta nzi wamekutangulia mezani, nzi hao "put you off". Halafu, mtu akija kudai haki yake nawe ukampa kisingizio leo na kingine kesho, humwambii hapana wala ndiyo, hapo unaahirisha mtu mzima, si jambo. Waingereza husema "he puts people off with excuses". Angalia mahali anapokaa mtu: katikati, kati ya put na off, amebanwa.

Ile sentensi ya binti yako, ni ya kweli? Kama ni ya kweli, iandike tena vizuri, na uniambie na sababu. Sentensi isiyo na sababu huyumba.

Mfano, na nimeuchagua kwa uangalifu: "The match was put off because of rain." Mechi iliahirishwa kwa sababu ya mvua. Hutakiwi kufanya lolote.

Umefeli. Rudia.

Msahihishaji wako


15 Machi

Kwa Mwalimu,

Shikamoo tena. Mechi sikuishughulikia, ila nakiri niliangalia mawingu.

Umeuliza kuhusu binti. Ni wa kweli, na ni mmoja tu. Mama yake alitutoka mtoto akiwa bado anasoma, nikamlea pamoja na mdogo wangu hapo hapo nyuma ya tanuri, madaftari yake yote yalikuwa na harufu ya hamira. Akaolewa na mtu wa mbali, akaenda kuishi kwao, huko wanakozungumza Kiingereza hadi na paka. Mkwe wangu ni mtu mzuri. Alikuja hapa kabla ya harusi akakanda unga na mimi kutwa nzima; hakuna aliyemwelewa mwenzake na mkate ulitoka. Wana mtoto wa kike wa miaka sita ambaye sijamtia machoni.

Kila mwaka binti ananiita. Kila mwaka nasema mwakani. Mara tanuri limepasuka, mara pasipoti, mara mguu. Safari hii nimemwambia nitakuja nikishapata cheti cha Kiingereza, maana nitaenda kufanya nini bila lugha? Akipiga simu akampa mtoto, mtoto anamwaga maneno kama mvua juu ya bati, na mimi namkabidhi simu mdogo wangu. Yeye naye Kiingereza hajui, lakini anajua kucheka mahali panapofaa.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Hapa mimi ni Hamira. Nikikohoa tu, mtaa mzima unajua duka limefunguliwa. Huko nitakuwa mzee anayetabasamu kwenye kona.

Zoezi:

I puts off the journey to next year.
The flies put off me.
I put off painting the door for years, and my teacher painted it with one sentence.

Hiyo ya mwisho nilitaka kusema kwamba mlango niliuahirisha miaka, akaja mwalimu wangu akaupaka kwa sentensi moja. Hiyo nimeiandika kwa heshima yako.

Hamira


Dawati la Kiingereza
27 Machi

Ndugu Hamira,

Mbili za kwanza zina makosa, na mengine ni mapya kabisa. Sijui ulikoyapata.

Ya tatu nimeisoma, nikaiweka chini, nikaisoma tena. Nimeikata. Kanuni inadai ukweli, na mimi maishani mwangu sijapaka mlango wa mtu.

Mzee anayetabasamu kwenye kona si kitu kibaya. Namjua mmoja, yuko posta, kila mtu humwachia kiti. Lakini nimekuelewa. Mimi mwenyewe chumba hiki kina madawati matatu, na mawili yamewekewa maboksi juu. Bahasha yako ilipoletwa juzi ilikuwa inanukia mkate, na mhudumu akaniuliza kama siku hizi naagiza chakula kwa barua.

Maana nyingine: put off ni kumvuruga mtu aliyetuliza akili. Mtu anahesabu, wewe unapiga mluzi. Atakwambia "don't put me off". Jitahidi na hiyo.

Umefeli. Rudia.

Msahihishaji wako


6 Aprili

Baba,

Najua shangazi ataisoma barua hii kabla yako, kwa hiyo shikamoo shangazi, na wewe Baba shikamoo.

Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unakimbia.

Tiketi tuliyokutumia inaisha mwisho wa Agosti. Mwezi wa tisa mume wangu anahamishiwa kazi mbali zaidi, na huko nyumba ni ndogo, na safari ni ndege tatu. Kama ni kuja, ni sasa.

Wiki iliyopita mjukuu wako aliambiwa shuleni achore familia yake. Alimchora baba yake, akanichora mimi, akamchora na paka. Pembeni akachora simu. Nikamuuliza, hii simu ni ya nini? Akasema huyo ni babu. Ameiwekea masharubu. Mwalimu wake aliisifu sana, na mimi nikaenda bafuni nikafungua maji ili nisisikike.

Umesema utakuja ukipata cheti. Baba, mimi sikumwomba mwenye cheti. Lakini sitakugombeza, na sijakasirika. Nimechoka tu kumwambia mtoto mwakani. Kwa hiyo nakwambia mapema ili usije ukashangaa: hii ni mara ya mwisho. Sitauliza tena.

Binti yako


20 Aprili

Kwa Mwalimu,

Shikamoo. Huku tuko salama, mikate inatoka.

Zoezi hili hapa:

Put off me the counting.
I am put offing.
The journey it put off itself.

Najua si nzuri.

Nina ombi dogo. Niandikie mfano mmoja kuhusu safari. Wowote utakaokuja kichwani, usichague. Ukisema usiahirishe, basi. Ukisema imeahirishwa kwa sababu ya mvua, nitajua pia. Ule wa mlango ulikuja wenyewe ukafika penyewe, labda na huu utafika.

Hamira


Dawati la Kiingereza
2 Mei

Ndugu Hamira,

"I am put offing." Nimekaa na hiyo asubuhi nzima. Imenisikitisha, halafu imenichekesha, halafu nikafikiri huenda ni kweli kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Lakini siyo Kiingereza.

Mfano wa safari sitaandika. Mimi ni msahihishaji, si mnajimu. Mtu hapandi ndege kwa sababu ya sentensi ya mtu asiyemjua, iliyoandikwa kati ya chai na kufunga ofisi. Ukitaka ushauri waulize wahenga, ingawa nakuonya kwamba walijikinga pande zote. Haraka haraka haina baraka, wamesema, na ngoja ngoja huumiza matumbo, wamesema haohao. Ukiwafuata wote utabaki mlangoni na begi mkononi.

Unarudi nyuma, ndugu yangu. Tuanze upya na maana ya kwanza, polepole. Tuna muda.

Umefeli. Rudia.

Msahihishaji wako


16 Mei

Kwa Mwalimu usiyeonekana,

Mimi ndiye mdogo wake Hamira, wa kaunta. Kaka yuko nyuma anakanda, na redio iko juu, hasikii kalamu.

Eti mna muda! Nani kakwambia mna muda? Tiketi ya kaka yangu inaisha mwisho wa Agosti. Binti yetu kaandika kwamba hatamwita tena, na kwa jinsi ninavyomjua mtoto huyo, nilimsuka nywele mimi, akisema basi ni basi. Mjukuu kamchora babu yake kama simu yenye masharubu. Kaka aliposoma hapo aliikunja barua akaenda kusugua tanuri ambalo lilikuwa safi. Wewe hayo hakukuambia, sivyo? Nilijua.

Sasa nikwambie na jingine. Kaka yangu hafeli. Watoto wa shule wakija kununua mkate jioni wanakuja na kazi zao za Kiingereza, wanaziweka hapa kwenye kaunta yangu, katikati ya makombo, na yeye anawasahihishia. Hiyo put off yenu anawafundisha kwa mikono miwili, huku anaahirisha, huku anazima, huku anamkatisha mtu hamu. Wanapata vema zote. Mwalimu wao wa sekondari alikuja mwenyewe kununua skonzi ili amwone. Halafu mtu huyohuyo anakaa na karatasi yako, anatoa ulimi nje kwa bidii, anatafuta kosa la kuandika. Nilidhani ana homa.

Cheti akikipata, kisingizio kimekwisha. Ndiyo habari yenyewe. Anaogopa mtoto wa miaka sita.

Na wewe, Mwalimu, samahani kwa ninayotaka kusema, na kama sio samahani basi. Mazoezi yakirudi kaka huyabandika ukutani karibu na tanuri. Yule mwalimu wa sekondari aliyasoma akifungiwa skonzi zake. Akasema ile sentensi ya mlango haina kosa hata la nukta. Nikamwambia lakini kaikata, anadai si ya kweli. Akacheka, akasema mtoto mdogo angeelewa kwamba mtu anashukuru.

Hapo ndipo nikaanza kukuangalia na wewe. Yeye hataki kufaulu. Wewe hutaki kufaulisha. Pwagu kapata pwaguzi, na anayeumia ni mtoto anayempenda babu mwenye waya.

Kaka anajua kabisa kwamba unga ukishaumuka haumngoji mtu. Ukiuacha unashuka, unachacha, unautupa. Kwa mkate anajua. Nisaidie ajue na kwa hili. Mtu huyu hunisikia nikiwa namsifu tu, lakini kwa sentensi yako alipaka mlango.

Mdogo wake, wa kaunta

Nimekufungia skonzi mbili. Zikifika zimekauka, zichovye kwenye chai.


Dawati la Kiingereza
28 Mei

Ndugu Hamira,

Mdogo wako ameniandikia. Usimgombeze. Skonzi zilifika zimekauka, nikazichovya kwenye chai kama alivyoagiza, na nilizila zote mbili nimesimama dirishani nikitafakari aliyoniambia.

Ndani ya bahasha hii utakuta cheti chako. Umepita tangu tarehe 15 Machi. Sentensi yako ya mlango ilikuwa sahihi, na ilikuwa ya kweli kuliko mifano yangu yote. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiikata.

Kanuni ni ukweli, kwa hiyo nami niifuate. Vijana siku hizi wanajifunza Kiingereza kwenye simu zao, na wanajifunza vizuri. Bahasha inayopanda ngazi kuja dawati hili ni yako peke yake. Mwanafunzi akifaulu, bahasha zake hukoma. Nilitaka moja zaidi, halafu moja zaidi, na sikuuliza nani mwingine anangoja. Niwie radhi. Kama ningejua kuhusu Agosti ningekupitisha siku ileile, lakini hilo halinisafishi, maana sikujua kwa sababu nilikuwa najifikiria mwenyewe.

Nawe usijione mjanja. Mtu anayeweza kukosea kwa makusudi mwezi baada ya mwezi, na kuteleza akapatia mara moja tu, lugha hiyo ameshaimaliza. Jaribu kumwomba asiyejua aandike "I am put offing." Hataweza.

Unasema huko utakuwa mzee anayetabasamu kwenye kona. Inawezekana, siku mbili tatu za mwanzo. Sasa hivi wewe ni simu yenye masharubu.

Uliniomba mfano wa safari, na nilikwambia mfano si amri. Neno linalofuata si mfano.

Nenda.

Msahihishaji wako


Nyumbani kwa binti yangu
19 Julai

Kwa Mwalimu,

Shikamoo kutoka mbali. Utaona hata stempu ni ngeni.

Nilichelewa kuandika kwa sababu ya kufunga begi, na mdogo wangu kunifungulia begi na kulifunga upya. Duka liko mikononi mwake. Nasikia amebandika tangazo kwenye mlango wa kijani kwamba Hamira yuko ng'ambo kwa shughuli za kitaaluma.

Ulisema kweli. Siku za kwanza nilikuwa mzee anayetabasamu. Nilipewa kiti karibu na dirisha, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mjukuu alinichungulia kutoka nyuma ya mlango, akaniangalia masharubu, akaniangalia masikio, nadhani alikuwa anatafuta waya. Cheti chako nilikuwa nacho mfukoni, lakini maneno yote yalikuwa yamebaki uwanja wa ndege. Binti yangu alinishika mkono tu kila alipopita, kama mtu anayehakikisha kwamba ukuta bado upo. Mwalimu, mkono ule niliunyima miaka sita kwa sababu ya kuona haya. Nimemwambia hivyo. Alisema, "Baba, kunywa chai yako," akageukia sinki.

Nilijaribu kuoka. Tanuri lao lina vitufe, halina moto unaouona. Mkate ulitoka umesinzia. Mkwe wangu aliula wote, mtu mzuri yule.

Halafu mtoto akafungua shule. Shule iko sebuleni, chini ya meza ya kulia chakula, na mwanafunzi ni mimi. Nina kiti chake kidogo, magoti yananifika masikioni. Ananipa karatasi, anasema maneno, mimi naandika, yeye anasahihisha kwa penseli nyekundu ya rangi. Siku ya kwanza nilikosea kweli, akaniambia "again, Babu." Neno hilo la pili mama yake alimfundisha tangu zamani, akilitunza kwa ajili yangu. Siku ya pili nilikosea kwa makusudi. Unanijua. Akasema tena "again", akanisogeza karatasi, akaegemea goti langu ili aone vizuri ninavyoandika.

Jana nikaona aibu. Nikasema nimeahirisha vya kutosha, acha nimwandikie iliyonyooka. Nikaandika: "My teacher is six, and I put off meeting her for too long." Mwalimu wangu ana miaka sita, na nimeahirisha kukutana naye muda mrefu mno. Ina -ing yake na kila kitu. Nikampa nikiwa nimevimba kama unga.

Akaisoma kwa kidole. Akainua penseli. Akaikata.

Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu, na wala sikutafuta maneno, yalikuja tu: kosa liko wapi? Akatazama jikoni kama mama yake anasikia. Akasogeza mdomo kwenye sikio langu, akaninong'oneza. Hakuna kosa, Babu. Lakini ukipata zote, shule inafungwa.

Nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye meza. Machozi yalitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mtoto akadhani nimeumia, akapiga busu pale palipogongwa. Nikakukumbuka wewe na madawati yako yenye maboksi. Mwalimu, sikuwahi kukukasirikia. Nilitaka ulijue hilo.

Amechora picha nyingine. Mimi nipo, nina miguu. Simu haipo.

Nitarudi mwisho wa Agosti, wao wakihama. Nitapita kwenu na mkate, kabla hata sijafika dukani, mdogo wangu asisikie. Kwa sasa nakuachia mfano, na nimeuandika kwa penseli yake nyekundu, aliniazima kwa masharti:

"Do not put off writing to Hamira." Yaani, usiahirishe kumwandikia Hamira.

Najua, mfano si amri. Lakini mlango wangu umependeza.

Hamira


Dawati la Kiingereza
4 Agosti

Ndugu Hamira,

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea. Nimeisoma tena bila kalamu.

Haina kosa hata moja.

Umefeli. Rudia.

Msahihishaji wako